Vigae Juu ya Gune

Bango lilipigiliwa misumari kwenye geti jipya la buluu, na rangi ya geti ilikuwa bado inanuka. Liliandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa, lakini maana yake ni hii: nyumba inauzwa, vyumba viwili vya kulala, imekarabatiwa yote, mtaa mtulivu. Chini yake namba ya simu ya Lomoro.

Nilikuwa natoka shule na njaa yangu, viatu vimejaa vumbi, nikasimama pale nikalisoma tena na tena, kama mtu aliyewekewa mtihani wa somo ambalo hajafundishwa. Nyumba gani inauzwa? Hii ya Mama Gune? Na Mama Gune mwenyewe ameambiwa?

Halafu likaniuma hilo neno, mtulivu. Ni kweli, kipande chetu cha mtaa wa Juba Na Bari kimetulia. Ukitoa jenereta ya yule jirani wa kona na kwaya inayofanya mazoezi ya wimbo uleule kila wiki, hutasikia kitu. Lakini kabla ya kuuza utulivu, mtu angeuliza umetoka wapi. Wenye mtaa walikimbia, wengine wakafa, na waliobaki walijifunza kusema polepole kwa sababu wakati wa vita ukuta ulikuwa na masikio na masikio yalikuwa na bunduki. Sasa mtu anaubandika kwenye geti kama vile ni sinki jipya la jikoni.

Naitwa Adau. Sisi tulirudi kutoka Nakuru baada ya mkataba wa amani kutiwa saini, nikiwa bado shule ya msingi, tukapanga nyumba inayopakana na ya Mama Gune. Yeye ndiye mtu wa kwanza wa Juba niliyemjua kwa jina. Ni Mbari, kabila la wenyeji wa Juba, mfupi, mikono imejaa alama za moto hadi kwenye viwiko, kwa maana kazi yake ni kupika kisra, ule mkate mwembamba wa mtama unaoliwa na mchuzi. Uji uliochachuka anaumwaga juu ya bamba la chuma la moto linaloitwa doka, anausambaza kwa kipande cha ukuti, mara moja tu, shwaa, anaubandua ukiwa mwembamba kama kitambaa cha leso. Hoteli za mjini zinamngoja yeye. Kiarabu cha Juba ndicho lugha yake ya kila siku, na Kiswahili amekiokota kwa Waganda wa sokoni, kwa hiyo anakizungumza anavyotaka yeye na haombi msamaha.

Mama yangu husema maswali yangu yatanitoa meno siku moja. Siku tulizokuwa bado wageni nilimuuliza, "Mama Gune, huyo Gune yuko wapi? Mbona simwoni akicheza?"

Mama yangu alinifinya hadi nikaruka. Lakini Mama Gune wala hakushtuka. Alielekeza ukuti wake kwenye pembe ya uwanja, kando ya ukuta wa jiko, palipokuwa na mistari miwili ya matofali ya kuchoma, mmoja mrefu, mmoja mfupi.

"Iko pale," akasema. "Analala na bibi yake."

Basi nikawa nakwenda kwake kila nikitoka shule, na kidogokidogo akaniambia. Si hadithi ya kukaa chini na kusimuliwa. Alikuwa anapika, anasema neno, anamwaga uji, anasema jingine.

"Wakati ya vita, wewe hapana toka mji, ya bit," aliniambia. Ya bit ni ewe msichana. "Makaburi iko kule nje. Askari iko njiani. Bomu iko chini. Mtoto nakufa na homa asubuhi. Jioni utampeleka wapi? Tukachimba hapa. Mimi na mama."

"Na bibi?"

"Mama alikufa nyuma yake. Huyo nachimba mimi peke yangu."

Akabandua kisra, akaiweka juu ya nyingine. Nilitazama ile mikono nikakosa swali, na mimi kukosa swali si jambo la kawaida.

Mume wake alikuwa amechukuliwa kwenda kuhojiwa na hakurudi, na hakuna kaburi la kuonyesha. Watu wa mtaa walipopata njia ya kukimbilia Uganda walimwita waende wote. Alikataa. Alisema hao wawili atamwachia nani? Akabaki. Miaka yote ile mji ulipofungwa na unga ukawa wa kutafutwa kama dhahabu, yeye alibaki, na kila asubuhi kisra ya kwanza kutoka kwenye doka aliiweka juu ya matofali.

"Lakini Mama Gune," nilimwambia siku moja, "si kuku ndio wanaila?"

"Kuku iko ya nani?"

"Yako."

"Aa. Kuku iko ya mama. Mama alifuga. Kuku ya mama nakula chakula ya mama. Wewe nasoma shule gani?"

Huyo ndiye mtu ambaye nyumba yake ilibandikwa bango.

Lomoro ni mdogo wake, tumbo moja. Aliondoka kijana kwenda kusoma, vita vikafunga barabara nyuma yake, akaishia Nairobi. Alirudi baada ya amani na viatu vyenye ncha, Kiswahili cha Nairobi, na kazi katika shirika fulani lenye magari meupe. Sitasema alikuwa mtu mbaya tangu mwanzo. Alimletea dada yake godoro. Alinipa mimi kalamu. Akawa anasema, "Dada, hii nyumba inavuja, unaishi kama mkimbizi kwenu mwenyewe. Nipe nafasi niitengeneze ukae kama binadamu."

Ukae. Nilikuwepo, nimesikia kwa masikio yangu. Alisema ukae.

Akampeleka kwa mke wake kule Gurei, pembeni mwa mji, ati vumbi la saruji lisiingie kwenye unga. Mama Gune akafurahi mpaka akacheka na jino lake lililovunjika. Aliondoka na doka kichwani, akinihimiza nisisahau kuwatupia kuku mtama. Lakini kesho yake mafundi walizungusha mabati marefu kiwanja kizima, kuku wakapelekwa nao Gurei, na mimi nikabaki kusikia nyundo tu. Nilichungulia kwenye tundu la msumari nikaona saruji na mgongo wa fundi. Nilifurahi kwa niaba yake. Nilidhani ni zawadi.

Sasa siku hiyo ya bango bado nimesimama pale, nikasikia nyuma yangu, "Ya bit! Mlango yangu imekuwa ya serikali?"

Mama Gune huyo, ameshuka kwenye boda, doka kichwani. Hakuna aliyemwita. Alichoka kungoja huko Gurei, akasikia mabati yametolewa, akaja kwake. Akagusa geti kwa kidole, akaangalia rangi ya buluu kwenye ncha ya kidole chake, akatabasamu.

"Hii nasema nini?" akauliza, akionyesha bango. Kiingereza hasomi.

Kumwambia sikutaka. Lakini ningemdanganya kwa faida ya nani? Nikamsomea. Tabasamu halikuondoka mara moja, lilibaki pale usoni kama mgeni asiyejua kwamba msiba umetokea.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Akasukuma geti.

Nyumba ilikuwa nzuri, na hilo nalo lilinikasirisha. Bati jipya, madirisha ya vioo, vyumba vyote viwili vimepakwa rangi ya maziwa. Ndani ya jiko kulikuwa na sinki. Na kando ya ukuta wa jiko, kwenye ile pembe, kulikuwa na baraza jipya, pana, lenye nguzo mbili na vigae vyekundu vinavyong'aa. Ukutani kulikuwa na kiti cha plastiki, cha mtu kukaa jioni anywe chai yake.

Mama Gune alitua doka chini. Alitembea hadi kwenye baraza, akageuka kuangalia ukuta wa jiko, akaangalia tena vigae. Akapiga hatua, akasimama, akarudi nyuma kwa haraka kama aliyekanyaga makaa. Hakulia. Alisema kwa sauti ya chini sana, "Matofali yangu iko wapi?"

Ponsiano, fundi wa vigae, Mganda wa Masaka, alikuwa upande wa pili anaosha vyombo vyake. Akaja anajifuta mikono, anacheka vizuri.

"Karibu, nyabo! Umeona kazi? Hiyo baraza hata Kampala hawana."

"Matofali yangu iko wapi?"

"Yale ya zamani? Yako chini humo, nyabo. Bosi alisema ilikuwa bustani ya maua, imekufa. Tukajaza kifusi juu, tukamwaga zege."

"Bustani," akasema Mama Gune.

"Ee."

"Wewe nachimba?"

"Hapana, sikuchimba. Niliongeza juu tu."

Hapo nikashindwa. Nikapiga kelele, mimi mtoto wa shule, kwa mtu mzima, "Ni makaburi! Yale ni makaburi, mama yake na mtoto wake! Hata hukuona moja fupi na moja refu? Bustani gani inalala hivyo?"

Ponsiano alinitazama, akamtazama Mama Gune. Uso wake ulibadilika rangi. "Banange," akasema. Akavua kofia. "Banange, nyabo. Kwetu sisi tunazika nyumbani. Kwetu mtu hauzi kiwanja chenye wafu wake hata akifa njaa. Mimi ningejua, ningeshika vipi mwiko?" Akatema mate pembeni, kwa hasira, si kwa dharau. "Huyo bosi amenifanya nini? Amenipa dhambi kwenye mikono yangu!"

Mama Gune akamwambia, "Ataleta mtu kuangalia nyumba?"

"Kesho asubuhi. Mnunuzi anakuja kesho."

"Khalas," akasema. Basi. Akabeba doka lake, akaja kulala kwetu. Mama yangu alimwekea chakula, hakula. Usiku ule nilimsikia akikoroga uji wa mtama kwenye ndoo na kuufunika, kama siku yoyote nyingine ya kazi.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nilipotoka nje, moshi ulikuwa tayari unapanda upande wa pili wa ukuta. Nikakimbia.

Mama Gune alikuwa ameweka mafiga matatu katikati ya baraza jipya, juu kabisa ya vigae vyekundu. Kuni zimewaka vizuri, doka limebandikwa juu, yeye amekaa kwenye kigoda chake na ndoo ya uji pembeni. Anapika kisra. Ponsiano amesimama karibu na geti amekunja mikono, hazuii kitu.

Gari likasimama nje. Akaingia Lomoro na viatu vyake vyenye ncha, na nyuma yake mnunuzi, mtu mrefu wa wizarani aitwaye Dhieu, Mdinka kama sisi, aliyekulia Eldoret. Lomoro alikuwa ameshaanza maneno tangu nje.

"Mtaa umetulia, kaka, utalala kama mtoto. Vyumba viwili vikubwa, jiko la ndani, na hapa kuna baraza ya..." Akaona moshi. "Dada! Unafanya nini?"

"Mimi napika."

"Unapika kwenye vigae! Kuna jiko jipya ndani! Ondoa moto!"

"Jiko ya ndani iko ya kuuza. Mimi siuzi."

Dhieu akacheka kidogo, akidhani ni mambo ya ndugu. "Wacha mama apike, bwana. Kisra yanukia poa." Akasogea karibu. "Shikamoo, mama."

Mama Gune alimbandulia moja, akampa mkononi, ya moto. Dhieu akala. Na wakati huo huo kigae chini ya moto kikapasuka. Paa! Kama risasi. Dhieu akaruka nyuma, mkono ukaenda kiunoni ambako zamani labda palikuwa na kitu. Kingine, paa! Vipande vyekundu vikarukia viatu vya Lomoro.

"Nani alikwambia uharibu?" Lomoro akapiga kelele, mishipa imesimama shingoni. "Najenga, unabomoa! Ndiyo maana nyumba hii ilikuwa gofu! Nimehangaika na watu wa saruji, watu wa mabati..."

"Muulize nani iko hapa chini," Mama Gune akamwambia Dhieu, bila hata kumtazama ndugu yake.

Dhieu akamgeukia Lomoro. "Kuna nini chini?"

"Hakuna kitu. Mambo ya zamani."

"Kuna mama yao na mtoto wa huyu mama," nikasema. "Wakati wa vita hawakuweza kuwapeleka makaburini."

"Adau, nyamaza! Mtoto wa watu wewe, nani amekuita?"

"Huyo mtoto nakaa na mimi kuliko wewe," Mama Gune akasema.

Dhieu alibaki na kipande cha kisra mkononi. Alikiangalia, akaangalia vigae, akarudi nyuma hadi mwisho wa baraza akashuka kabisa, akasimama kwenye mchanga. "Yaani ulitaka niweke kiti changu hapa, watoto wangu wacheze hapa," akamwambia Lomoro. "Mimi baba yangu sijui hata amelala wilaya gani. Ningejua alipo, ningekuwa nalala juu ya hiyo ardhi na bunduki. Na wewe unaye, unamwekea vigae unamuuza? Ai, wewe ni mtu wa aina gani?"

"Kaka, tunaweza kuwahamisha. Siku hizi watu wanahamisha, kuna kasisi..."

"Usiniite kaka."

Dhieu akaenda. Gari lilipoondoka, utulivu ule uliotangazwa kwenye bango ukaja kweli, mzito, hakuna jenereta wala kwaya.

Nilidhani Lomoro atampiga dada yake. Lakini kilichotoka si ngumi.

"Unafikiri ni wewe peke yako?" alisema. "Ulikuwa na kaburi la kupikia kisra! Mimi nilikuwa na nini? Nilikaa Nairobi kwenye chumba kimoja na watu sita, nikasikia mama amekufa kutoka kwa mtu niliyekutana naye kwenye foleni ya maji. Kwenye foleni! Alikuwa ameshakaa mwaka mzima udongoni. Narudi, naonyeshwa matofali. Kila nikija hapa naona matofali. Nikinywa chai, matofali. Nimechoka! Nauza, nakununulia wewe nyumba nzuri Gudele, mpya, haijafa mtu ndani yake. Kuna kosa gani?"

Ndugu msomaji, nakiri maneno hayo yaliniingia. Kwa muda mfupi sikujua hasira yangu niielekeze wapi. Lakini Mama Gune alijua ya kwake iko wapi. Alisimama. Alimfikia Lomoro kifuani tu.

"Wewe iko na uchungu. Sawa. Kwa nini unamwambia fundi bustani?"

Lomoro akaangalia vipande vya vigae kwenye viatu vyake.

"Kwa nini hapana sema kwake, hapa iko mama yangu, zungusha pembeni? Kwa nini unanipeleka Gurei? Mimi nafurahi, mimi nasema kwa watu sokoni ndugu yangu ananitengenezea nyumba. Wewe unanichekesha sokoni!" Sauti yake ilikuwa imepanda sasa, na majirani walikuwa wameanza kuchungulia juu ya kuta. "Nyumba iko ya nani? Ya mimi? Hapana. Ya wewe? Hapana. Iko ya mama. Sisi kwetu, kitu ya mzazi hapana toka kabla hajaambiwa. Baba alipouza ng'ombe ya babu, hakuenda kusimama kwa kaburi yake asubuhi kumwambia? Ulikuwepo. Ulibeba maji. Basi wewe simama hapa. Mwambie."

"Dada..."

"Mwambie! Sema, mama, mimi Lomoro, nauza nyumba yako. Sema kwa nguvu, ameziba na zege. Ukisema, ukimaliza, mimi nachukua doka yangu sasa hivi, naenda Gudele, hapana rudi. Mungu anasikia. Huyu mtoto anasikia."

Nilijua hatanii. Mtu huyu angeondoka. Kama Lomoro angeweza kufungua mdomo na kusema sentensi moja, nyumba ingekuwa imekwenda.

Lomoro alitazama geti, akatazama majirani. Akainama akavua viatu vyake vyenye ncha, kimoja, kingine. Akapanda kwenye baraza kwa soksi, akikwepa vipande. Akasimama. Mama Gune aliondoa doka kwenye moto akasogea kando kumpa nafasi.

"Mama," Lomoro akasema.

Akakohoa.

"Mama, ni mimi Lomoro. Nime..." Akajaribu tena, safari hii kwa Kibari, maneno machache ambayo sikuyaelewa, ila nililisikia jina lake mwenyewe na jina la Nairobi. Midomo ikawa inatembea bila kutoa kitu.

"Na nyumba?" Mama Gune akasema. Hakumhurumia. Uso wake ulikuwa uleule. "Umesema umerudi. Vizuri. Umechelewa, lakini vizuri. Sasa mwambie na nyumba."

Lomoro alitikisa kichwa.

"Mwambie umeweka Gune chini ya zege."

Akatikisa kichwa tena, akajifuta uso kwa mkono wa shati lake la ofisini. Akashuka, akakaa kwenye mchanga na soksi zake zenye majivu.

Ponsiano alikuwa amekwisha kuchukua nyundo kubwa na patasi kutoka kwenye mfuko wake. Alikuja hadi ukingoni mwa baraza, akasita, kwa kuwa kazi ni kazi na bosi ni bosi.

"Bosi," akamwambia Lomoro, "nivunje?"

Lomoro hakuinua kichwa.

"Usimwulize huyo," Mama Gune akasema, akichota maji kuzima moto. "Uliza mimi."

Ponsiano akamgeukia.

"Nivunje, nyabo?"

"Vunja. Anza na upande ya mtoto, polepole. Na wewe Adau, toa ile takataka kwenye geti."